Kuti Kavu Mbali na Minazi: Lugha ya Habari za Kocha Anayetakiwa Kuondoka

Utangulizi

Katika Kiswahili cha habari za michezo, kocha ambaye timu yake imefungwa mara mbili tatu mfululizo husemwa kwamba "anakalia kuti kavu". Usemi huu ni wa pwani. Mkwezi wa mnazi anajua kwamba kuti bichi limeshika shinani na linaweza kubeba uzito wa mtu, ilhali kuti lililokauka huchomoka bila ya kishindo na kumwangusha aliyelitegemea. Msikilizaji aliye Rurambo, katika nyanda za juu zinazoutazama mji wa Uvira, hupokea usemi huo redioni akiwa hana mnazi wa kuutazama. Mnazi si mti wa milima ile. Hata chini, kando ya Ziwa Tanganyika, mti uliozoeleka zaidi ni mchikichi. Hata hivyo, maana humfikia ikiwa kamili: kocha huyo yu karibu kuondolewa, na pengine mrithi wake ameshatajwa vijiweni.

Makala haya yanakusudia kueleza namna misemo ya aina hii inavyofanya kazi, na hasa jambo moja ambalo misemo hiyo huelekea kulificha, yaani mwenye kuamua. Mifano mingi imetolewa katika historia ya timu ya taifa ya Kongo, ambayo habari zake hufuatiliwa Uvira kwa Kifaransa, kwa Lingala na kwa Kiswahili, zikiwamo zile za Radio Okapi, iliyoanza kutangaza mwaka 2002, na za idhaa za Kiswahili za mashirika ya nje. Mifano mingine inatoka Uganda, Tanzania na Côte d'Ivoire. Suala lenyewe si la wapenzi wa soka peke yao. Misemo inayotumika kwa kocha ndiyo inayotumika kwa waziri, kwa mkurugenzi na kwa mkuu wa shule. Kwa hiyo namna jamii inavyosimulia kuondoka kwa kocha ni sehemu ya namna inavyosimulia madaraka.

Chanzo cha picha

Misemo ya kumwondoa mtu kazini imekusanywa kutoka mazingira mbalimbali ya maisha ya Waswahili. Kuti limetoka katika shamba la minazi. "Kibarua kimeota nyasi" kimetoka katika kazi ya ujira. Neno kibarua ni udogo wa barua. Asili yake ni kile kikaratasi cha kuhesabia siku za kazi, na katika Zanzibar ya karne ya 19 jina hilo liliwahusu pia watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa malipo ya siku. Kocha aliyetia saini mkataba wa miaka miwili na kulipwa kwa fedha za kigeni huitwa mwenye "kibarua" pale tu kazi yake inapotetereka. Lugha humshusha daraja kabla ya mwajiri wake kufanya hivyo.

"Virago" vimetoka katika misafara. Kirago ulikuwa mkeka wa kulalia safarini, na kwa kupanuka maana virago vikawa mizigo midogo ya msafiri au mpagazi. Kufunga virago ni kung'oa kambi. Hapa msikilizaji wa Uvira hayuko mbali na asili kama alivyo mbali na mnazi, kwa kuwa Kiswahili kilifika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika kwa njia ya misafara ya biashara iliyopitia Ujiji. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi Aprili 1858, walikuwa wakifuata njia ambazo wafanyabiashara wa pwani na wapagazi wao walikuwa wamekwisha kuzijua. Neno virago, kwa hiyo, ni la watu wale wale walioileta lugha ziwani.

Kundi la tatu ni la uganga. Kocha anayejiuzulu "amebwaga manyanga", na manyanga ni vibuyu vya kuchezeshwa katika ngoma na uganguzi. Anayemfuata "amekabidhiwa mikoba" au "amerithi mikoba", na mkoba, pamoja na kuwa mfuko wa msafiri, ndiyo hifadhi ya dawa za mganga. Picha hizi mbili zikiwekwa pamoja hueleza matarajio ya mashabiki vizuri kuliko maelezo marefu: kocha ni mganga aliyeitwa kutibu. Mgonjwa asipopata nafuu, haulizwi aliyemnyima chakula, huulizwa mganga.

Mtenda yuko wapi?

Tofauti kubwa baina ya misemo hii haimo katika picha bali katika sarufi. Inaweza kugawanywa katika makundi manne kwa kufuata swali la nani ametenda.

Kundi la kwanza halina mtenda kabisa. Kuti limekauka, nyasi zimeota, "unga umemwagika". Vitenzi hivi vinaeleza mambo yanayotokea yenyewe, na katika kumwagika kiambishi -ik- kinaonyesha hali iliyofikiwa bila ya kumtaja aliyeisababisha. Uamuzi uliofikiwa na watu wachache ofisini husimuliwa kama mabadiliko ya majira.

Kundi la pili linamfanya kocha kuwa mtendwa: "ametimuliwa", "ametemwa", na kwa Kenya "amepigwa kalamu". Hapa mtenda anaweza kutajwa kwa kutumia "na", lakini mara nyingi huachwa. Mfano ulio wazi zaidi ni "kufungashiwa virago". Mzizi ni fung-, nao umepokea kiambishi -ash-, kisha -i- ya kutendea na -w- ya kutendwa. Kocha hakufunga mizigo yake. Mtu mwingine ameifunga kwa ajili yake. Yupo mtu huyo katika umbo la kitenzi, lakini hayumo katika sentensi.

Kundi la tatu linampa kocha utendaji: "amebwaga manyanga", "ameachia ngazi", "amefunga virago". Kati ya kufunga virago na kufungashiwa virago, viambishi vichache tu ndivyo vinavyotenganisha aliyejiuzulu na aliyefukuzwa.

Kundi la nne ni la kauli ya kutendana: "klabu imeachana na kocha wake". Kiambishi -an- kinawasawazisha walioachana, kama mume na mke waliokubaliana. Matamko rasmi hupenda umbo hili, au lile refu la "kuvunja mkataba kwa makubaliano ya pande zote mbili". Sababu si adabu peke yake. Mwajiri anayevunja mkataba wa kocha pasipo sababu ya haki huweza kudaiwa fidia, na madai ya namna hiyo katika soka la kimataifa husikilizwa na vyombo vya FIFA. Kocha akijiuzulu, fidia hupungua au hutoweka. Pande zikikubaliana, hesabu hufanywa kimya kimya. Kwa hiyo uchaguzi wa kitenzi una thamani ya fedha.

Hapo ndipo tetesi zinapopata kazi. Habari ya kwamba kocha "huenda" akaondoka, kwamba "inasemekana" mrithi amekwisha kupatikana, humsukuma kocha kuelekea kundi la tatu kabla mwajiri hajalazimika kuingia katika kundi la pili. Kitenzi inasemekana chenyewe ni cha ukoo wa kumwagika: kuna lililosemwa, hakuna aliyesema. Tetesi na uamuzi hukutana katika kumkosa mtenda.

Zaire mwaka 1974

Kisa cha zamani kinachoonyesha uzito wa jambo hili ni cha Blagoje Vidinić, Myugoslavia aliyeiongoza Zaire. Mwezi Machi 1974 timu hiyo ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri kwa kuifunga Zambia 2–0 katika mchezo wa marudio, baada ya sare ya 2–2. Ndaye Mulamba alifunga mabao tisa katika mashindano hayo. Miezi mitatu baadaye Zaire ikashiriki Kombe la Dunia nchini Ujerumani Magharibi, ikiwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika hapo.

Mchezo wa kwanza dhidi ya Uskoti ulikwisha kwa 0–2, matokeo yasiyo ya aibu. Mchezo wa pili, tarehe 18 Juni, ulikuwa dhidi ya Yugoslavia, nchi ya kocha mwenyewe, nao ulikwisha kwa 0–9. Mabao yalipofika matatu, mapema katika kipindi cha kwanza, golikipa Kazadi Mwamba alitolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Tubilandu Ndimbi. Uvumi ulienea kwamba kocha alikuwa akiwasaidia wananchi wenzake. Baadaye yalitokea maelezo tofauti: kwamba amri ya kumtoa golikipa ilitoka kwa ofisa wa serikali aliyefuatana na timu. Baadhi ya wachezaji nao walisimulia, miaka mingi baadaye, kwamba walikuwa wamejua kabla ya mchezo huo kuwa posho walizoahidiwa hazingelipwa, na kwamba walifikiria kugoma.

Yakichukuliwa pamoja, maelezo haya yanatoa picha ya timu iliyovunjika kwa sababu kadhaa: fedha, mwingilio wa ofisi na ubora wa wapinzani. Uvumi ulichagua sababu moja iliyo rahisi kutamkwa, yaani uraia wa kocha. Kocha alikuwa anaonekana kando ya uwanja. Ofisa na mfuko wa posho havikuonekana.

Kutoka Ibengé hadi Desabre

Historia ya karibu inatoa mfuatano unaofaa kufundishia, kwa kuwa watu wawili wanakutana ndani yake. Florent Ibengé, mzaliwa wa Mbandaka, alishika timu ya taifa ya Kongo mwaka 2014 na kuifikisha nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2015. Katika fainali za mwaka 2019 zilizofanyika Misri, Kongo ilianza kwa kufungwa 0–2 na Uganda, ambayo kocha wake alikuwa Mfaransa Sébastien Desabre. Ikafungwa tena 0–2 na wenyeji, ikajikwamua kwa kuifunga Zimbabwe 4–0, kisha ikatolewa na Madagascar kwa penalti.

Matokeo ya makocha hao wawili mwaka huo yanastahili kulinganishwa. Ibengé, aliyetolewa katika hatua ya 16 bora, alijiuzulu mwezi Agosti: alibwaga manyanga. Desabre, aliyeifikisha Uganda hatua hiyo hiyo na kusifiwa, naye aliondoka mwezi Julai, kwa makubaliano na shirikisho la Uganda. Mmoja alionekana kushindwa, mwingine alionekana kufaulu, na wote wawili walikuwa nje ya kazi kabla mwaka haujaisha. Hapa kuti halikauki kwa kushindwa tu.

Kongo ilimpa mikoba Christian Nsengi-Biembe, kisha mwaka 2021 ikamwita Héctor Cúper wa Argentina, aliyewahi kuzifikisha Valencia ya Hispania katika fainali mbili za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na Misri katika Kombe la Dunia la 2018. Mwezi Machi 2022 timu yake ilikuwa hatua moja tu mbali na Kombe la Dunia: sare ya 1–1 na Moroko mjini Kinshasa, kisha kipigo cha 1–4 mjini Casablanca. Mwezi Juni ikafungwa na Gabon nyumbani na na Sudan ugenini katika kuwania kufuzu kwa Kombe la Mataifa. Cúper akaondolewa, na mwezi Agosti 2022 akaajiriwa Desabre, mtu yule yule ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa ameuanzisha mteremko wa Ibengé.

Mashindano mamoja, maamuzi matatu

Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwezi Januari na Februari 2024 liliweka mbele ya wasikilizaji wa Kiswahili njia tatu tofauti za kumtendea kocha.

Ya kwanza ilikuwa ya Tanzania. Adel Amrouche alisema kabla ya mashindano kwamba Moroko ina ushawishi juu ya uteuzi wa waamuzi na saa za michezo. Tanzania ikafungwa 0–3 na Moroko, na siku mbili baadaye Shirikisho la Soka la Afrika likamfungia kocha huyo michezo minane. Shirikisho la Tanzania nalo likamsimamisha. Hemed Suleiman akawa kaimu. Neno lililotumika, kusimamishwa, ni la kiofisi. Halina picha, na mtenda wake alijulikana. Tanzania ikatoka sare ya 1–1 na Zambia, na tarehe 24 Januari sare ya 0–0 na Kongo, ikaaga mashindano ikiwa na pointi mbili. Hemed Suleiman aliifikisha Tanzania katika fainali zilizofuata, lakini mwezi Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali hizo kuanza, mikoba ikahamishiwa kwa Miguel Gamondi.

Ya pili ilikuwa ya wenyeji. Côte d'Ivoire ilifungwa 0–1 na Nigeria, kisha 0–4 na Guinea ya Ikweta mbele ya umma wake. Jean-Louis Gasset akaondoka katikati ya mashindano, timu ikiwa bado haijajua kama imevuka. Ilipovuka kama mojawapo ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu, shirikisho liliomba kuazimwa Hervé Renard, wakati huo akiwa kocha wa timu ya wanawake ya Ufaransa, na Ufaransa ikakataa. Msaidizi wa Gasset, Emerse Faé, akabaki na mikoba, akaitoa Senegal kwa penalti, akaishinda Mali, na hatimaye akaifunga Nigeria 2–1 katika fainali ya tarehe 11 Februari.

Ya tatu ilikuwa ya Kongo yenyewe. Timu ya Desabre haikushinda mchezo wowote wa kundi lake. Ilipata sare tatu, dhidi ya Zambia, Moroko na Tanzania. Huo ni udongo mzuri wa tetesi. Desabre hakuguswa. Kongo ikaitoa Misri kwa penalti 8–7, ikaifunga Guinea 3–1, na ikafungwa 0–1 na Côte d'Ivoire ya Faé katika nusu fainali, kabla ya kumaliza ya nne. Mwezi Novemba 2025 kocha huyo huyo aliiongoza Kongo kuzitoa Cameroon na Nigeria katika mchujo wa Afrika wa kuwania Kombe la Dunia.

Mashabiki wengi walichukua kisa cha Faé kuwa ushahidi kwamba kumwondoa kocha hutibu. Lakini timu iliyofungwa na Faé katika nusu fainali ilikuwa ile iliyomvumilia wa kwake, na timu ya Tanzania, iliyobadili kocha baada ya mchezo mmoja, ilikwishaondoka. Mashindano mamoja hayawezi kutoa kanuni. Yanaweza kuonyesha tu kwamba kila mara palikuwa na chombo kilichoamua, na kwamba uamuzi wake ungeweza kuwa mwingine.

Katika nusu fainali hiyo, tarehe 7 Februari 2024, wachezaji wa Kongo walisimama wakati wa wimbo wa taifa mkono mmoja ukiwa umeziba mdomo na vidole viwili vya mkono mwingine vikielekezwa kwenye kipaji kama bastola. Ishara hiyo ilihusu vita na mauaji ya mashariki mwa nchi. Kwa wasikilizaji wa Uvira na milima yake, timu ile ilikuwa imebeba jambo lililo zaidi ya ushindi. Lawama zinazompata kocha wa timu kama hiyo haziwezi kuwa za kipimo cha soka pekee, na kwa sababu hiyo hiyo ni muhimu zielekezwe panapostahili.

Kocha, mwalimu na mteuzi

Jina la kazi nalo linachangia. Tanzania hutumia kocha, neno lililotoka Kiingereza, pamoja na mwalimu, ambalo wachezaji wenyewe hulitumia kwa heshima. Kenya hutumia pia mkufunzi, neno ambalo nchini Tanzania humhusu zaidi mwalimu wa chuo. Mashariki mwa Kongo, ambako Kifaransa ni lugha ya shule na ofisi, maneno ya soka hupitia Kifaransa, na Kifaransa hutofautisha kocha wa klabu na yule wa taifa: huyu wa pili huitwa "sélectionneur", yaani mteuzi.

Tofauti hiyo ina maana. Kocha wa taifa hukaa na wachezaji siku chache katika vipindi vilivyopangwa na FIFA, na muda uliobaki wachezaji wako chini ya makocha wa klabu zao. Kazi yake kubwa ni kuchagua. Anapoitwa mwalimu, hudaiwa kufundisha mambo ambayo hakupewa siku za kuyafundisha. Kiswahili hakijapata neno lililoenea la kumtenga mteuzi na mkufunzi, na matarajio ya wasikilizaji hufuata neno lililopo.

Hitimisho

Misemo iliyojadiliwa ni mali ya lugha, na hakuna haja ya kuifuta. Usemi wa kuti kavu umesafiri kutoka minazini hadi kwenye milima isiyo na mnazi bila ya kupoteza maana, jambo linaloonyesha nguvu ya Kiswahili kuunganisha nchi zisizofanana. Kinachohitajika ni msomaji na mwandishi kutambua kwamba picha hizo hueleza hali ya anayeondolewa na kunyamazia mwenye kuondoa. Mwandishi anayeandika kwamba kocha amefungashiwa virago anaweza, katika sentensi inayofuata, kutaja kikao kilichoamua, sababu iliyotolewa, na gharama ya kuvunja mkataba.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, eneo la Uvira linatoa nafasi ya utafiti ambayo bado ni wazi. Inafaa kukusanya, kwa mdomo na redioni, misemo ambayo wazungumzaji wa huko hutumia wenyewe wanaposimulia kuondoka kwa kocha, na kuchunguza ni ipi imetoka pwani, ni ipi imetafsiriwa kutoka Kifaransa au Lingala, na ni ipi imezaliwa ziwani. Katika kila mfano uliokusanywa, mtafiti arekodi pia kama mtenda ametajwa. Kamusi zilizopo hueleza maana ya misemo hii. Taarifa juu ya nani hutajwa na nani huachwa ingeifanya maana hiyo iwe kamili zaidi.